Mgeni na Mvamizi: Vikki katika "The Mutation"

Miongoni mwa vipindi 43 vya The Invaders, mfululizo ulioonyeshwa na shirika la ABC la Marekani tangu Januari 1967 hadi Machi 1968, "The Mutation", cha tarehe 24 Januari 1967, ndicho kinachomhusu zaidi mwanalugha, kwa kuwa kinaubomoa msingi ambao vingine vimejengwa juu yake.

Msingi wenyewe ni mwepesi. Msanifu majengo David Vincent (Roy Thinnes) ameshuhudia chombo cha viumbe wa sayari nyingine kikitua, wala hasadikiwi. Viumbe hao wamejivika umbo la binadamu. Hawana mapigo ya moyo, na baadhi yao husalitiwa na kidole kidogo cha mkono kisichokunjika. Wakifa huwaka wekundu na kutoweka, ushahidi ukapotea. Kuona humo hofu ya Vita Baridi tu, yaani jirani mwema aliye adui kwa siri, ni sahihi lakini hakutoshi.

Katika kipindi hiki Vikki (Suzanne Pleshette) ametumwa kumnasa Vincent nchini Mexico. Naye ni mmoja wa wavamizi, ila ana kasoro moja: anahisi. Anampenda yule anayepaswa kumwangamiza, na anakufa kwa kumkinga. Pleshette anaigiza kwa utulivu kiasi kwamba Thinnes, mwenye uso mkavu daima, ndiye anayeelekea kuonekana hana moyo.

Hapa ndipo mfasiri anapotatizika. Kiingereza kina neno moja kwa kiumbe wa sayari nyingine na kwa mtu asiye raia. Kwa Kiswahili, mgeni ni yule apigaye hodi akatandikiwa mkeka. Wakiitwa "wageni", viumbe hao wamekwisha kupewa haki ya ukarimu. Wakiitwa "wavamizi", Vikki amehukumiwa kabla hajafungua kinywa. Hapana budi maneno yote mawili yatumike, na mpito kutoka la pili hadi la kwanza uangukie pale Vikki anapojifichua.

Uzito wa uteuzi huo unadhihirika katika mtaa kama Tena, Eastlands ya Nairobi, ambako takriban kila ukoo umetoka kwingine. Tena ni mtaa mchanga ukilinganishwa na Pumwani na Kaloleni, lakini umeurithi mji uleule. Chini ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimika kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake. Mjukuu wake anapomwona Vincent akichungulia vidole vya watu, ni vigumu asimame upande wa mchunguzi. Tena mwaka 1967, ule ule wa Vikki, Kenya ilipitisha Sheria ya Uhamiaji iliyowadai wasio raia vibali.

Katama Mkangi aliigeuza safari hii katika riwaya yake Walenisi (1995): mwanadamu ndiye anayetua kwenye sayari ya wengine, na jina la sayari hiyo linasomeka "wale ni sisi". "The Mutation" kinafika hadi mlangoni pa wazo hilo, kisha kinarudi nyuma. Mwili wa Vikki unaungua kama miili ya wenzake, na Vincent anaondoka akiwa hana ushahidi kwamba aliwahi kupendwa.