Geji Isiyodanganya Mlimani

Kila Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, barabara ya kutoka Himo kupanda Marangu hadi Mkuu, Rombo, hujaa magari yaliyozoea tambarare ya Dar es Salaam. Kati ya Noah na Crown huikosi Impreza WRX, Forester ya turbo, Altezza, au Mark II iR-V yenye injini ya 1JZ-GTE. Mengi ya hayo yamefungwa geji za ziada: presha ya turbo, presha ya oili, joto la maji. Zinapendeza, hasa usiku, na mwenye gari ana haki ya kulipamba. Ila ukitaka kujua fundi aliyezifunga ni wa daraja gani, taa hazitakwambia. Anzia upande wa pili wa waya, kwenye sensa na ethi.

Huku Rombo jambo hili lina uzito wake. Mshale wa joto wa kiwandani kwenye Toyota na Subaru nyingi umetulizwa makusudi: injini ikishapata joto la kazi, mshale unakaa katikati na hautikisiki hata maji yakitoka digrii 80 hadi 100. Mtengenezaji hakutaka dereva ahangaike. Sasa panda kutoka Himo, chepuka Marangu Mtoni, pita Mwika, uko nyuma ya lori lililojaa, gia ya pili, upepo kidogo kwenye rejeta. Mshale huo ukianza kupanda, umeshachelewa. Geji ya ziada inafungwa ili ikuonye mapema, na isiyosema kweli ni afadhali isingekuwepo, maana inampa dereva ujasiri usio na msingi.

Kwa hiyo fungua boneti kwanza. Kwenye joto la maji, mafundi wengi hukata mpira wa juu wa rejeta wakaingiza kiungio cha alumini chenye tundu la sensa. Mahali ni pazuri, kwani hapo ndipo maji ya moto yanapotoka kwenye injini. Lakini mpira haupitishi umeme. Sensa ya waya mmoja ikikaa hapo bila waya wa ethi kwenda kwenye injini, itasoma hovyo au isisome kabisa. Tazama pia kama ncha yake imezama. Ikiachwa sehemu ya juu kabisa ambako hewa hujikusanya, siku maji yakivuja mshale utashuka badala ya kupanda, na dereva ataendelea kukanyaga mafuta.

Oili ndiyo ninayoichunguza kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu hapo ndipo injini hufia. Uzi wa sensa nyingi za Kijapani ni wa inchi 1/8 wenye meno 28 kwa inchi. Wa Kimarekani, pia 1/8, una meno 27. Ukiuchanganya, unaingia mizunguko ya kwanza vizuri kabisa, halafu unakaza. Fundi mvivu anaongeza nguvu ya spana na kuzungushia tepu nyeupe nyingi, na bloku ya alumini ya Subaru inapata ufa au inaanza kuvuja. Fundi wa kweli anasimama mzunguko wa pili, anatoa, anatafuta kiungio sahihi. Kisha angalia sensa imeshikwaje. Sensa nene ya presha ni nzito. Ikining'inia moja kwa moja kwenye kiungio cha shaba chenye umbo la T juu ya injini inayotetemeka, shingo ya kile kiungio itakatika siku moja na oili yote itamwagika. Nzuri hupelekwa pembeni kwa mpira maalumu wa presha na kufungwa kwenye bodi. Na swichi ya taa nyekundu ya oili ya kiwandani lazima ibaki ikifanya kazi. Aliyeing'oa ili apate tundu la bure, usimlipe.

Sensa na geji ziwe za familia moja. Sensa ya presha ya VDO ya Kijerumani huanzia karibu ohm 10 na kupanda. Nyingi za Kimarekani huanzia 240 na kushuka. Ukichanganya, mshale unasoma kinyume.

Waya si za kuzungumzwa sana: ziwe zimelehemiwa na kuvishwa mpira wa kusinyaa, zipite kwenye ukuta wa injini ndani ya mpira wa kuzilinda, na fyuzi iwepo. Tepu ya umeme pekee karibu na joto la turbo ni aibu.

Sasa majaribio, na hapa mlima wenyewe unasaidia. Fundi makini huchemsha sensa ya joto kwenye sufuria kabla ya kuifunga. Ukisikia anadai lazima isome 100, mwelimishe kwa upole: Mkuu iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na maji huku huchemka kwenye digrii 95 hivi. Presha ya turbo nayo ina siri yake. Geji inayolinganisha na hewa ya nje husoma sifuri injini ikizimwa, uwe Tanga au Mkuu. Yenye sensa inayopima kuanzia utupu kamili, sifuri yake ikiwa ya usawa wa bahari, hukaa chini ya sifuri kwa karibu bar 0.15 huku juu. Si mbovu, wala haihitaji kurekebishwa kwa bisibisi.

Asubuhi ya baridi ya Julai, washa injini: presha ya oili ipande juu, kisha ishuke taratibu inavyopata moto. Inayosoma sawa baridi na moto inakudanganya. Mwisho washa taa kubwa. Mshale wowote ukiruka, ethi imeazimwa kwenye waya za taa.

Ndani ya gari, kaa usiku. Mwanga wa geji upungue taa za dashibodi zinapopunguzwa, na geji zisifunike barabara wala kuzuia mfuko wa hewa ulio kwenye nguzo ya kioo. Vipimo viwe vya mfumo mmoja. Bar kwa geji moja na psi kwa nyingine ni kumchosha dereva kwenye kona za Mwika.

Fedha zikitosha geji mbili tu, kwa njia zetu chukua oili na maji, turbo isubiri. Kabla hujamaliza kulipa, endesha hadi Tarakea na kurudi, acha injini ipoe, kisha pitisha kitambaa cheupe chini ya kila sensa. Kikitoka na doa, fundi afungue aanze upya.