Kufikirika: Nani Anamlipia Mtoto wa Mfalme?

Tuseme ukweli, wandugu. Wengi wetu Shaaban Robert tulikutana naye kwenye chumba cha mtihani. Tulikariri dhamira, ujumbe na falsafa, tukajaza kurasa, basi, kitabu kikarudi kabatini kwa mwalimu. Mimi ni mmoja wao. Mwaka jana nilikiokota Kufikirika kwenye meza ya vitabu vikuukuu mjini Arusha, nikakisoma ndani ya basi nikielekea nyumbani Bashay, wilaya ya Mbulu. Safari hii hapakuwa na swali la mtihani, na aliyenishika si mfalme wala si Utubusara. Ni yule mtoto.

Kwa ambaye hajakisoma: kitabu kilichapwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Mfalme wa Kufikirika ana kila kitu isipokuwa mtoto. Waganga wanaitwa kundi baada ya kundi, wa mizizi, wa hirizi, wa makafara na wengineo, na wote wanachemsha. Mwisho watabiri wanasema mtoto atapatikana, na kweli anapatikana. Lakini utabiri ule una mkia: mtoto ataugua, na ili apone lazima wachinjwe watu wawili, mwerevu mmoja na mjinga mmoja.

Wahakiki wengi wakifika hapo hukimbilia kafara, wakaandika "ushirikina umepingwa", wakaweka nukta. Mimi naomba tusimame kwanza kwenye masomo ya mtoto. Anawekewa mwalimu. Mwalimu anaona mtoto hawezi kukua bila kucheza, kwa hiyo anauingiza mchezo ndani ya mafunzo. Mfalme anawaka. Mrithi wa kiti acheze? Mwalimu anapoteza kazi. Tukio hili dogo ndilo lililonifungulia kitabu kizima. Mtoto yule hakutafutwa ili awe mtoto, alitafutwa ili azibe pengo. Nchi nzima ilikuwa inamsubiri kabla hajazaliwa, na alipozaliwa kila mtu alijua kazi yake isipokuwa yeye.

Msomaji atasema hiyo ni nchi ya kufikirika, jina lenyewe linajieleza. Haya, twende kwenye nchi iliyopo. Uganda, ufalme wa Tooro, Septemba 1995: Oyo Nyimba Kabamba Iguru Rukidi wa Nne anatawazwa akiwa na umri wa miaka mitatu na ushee tu, baada ya kifo cha baba yake, Mfalme Olimi wa Tatu. Inasimuliwa mpaka leo kwamba katikati ya sherehe mfalme aliteremka kitini akakimbilia mapajani kwa mama yake. Watu wakisimulia huwa wanacheka. Mimi nilimkumbuka yule mwalimu aliyefukuzwa. Oyo aliwekewa walezi wa kumshikia mamlaka mpaka alipotimiza miaka 18, mwaka 2010. Hiyo ni miaka kumi na tano ya kujifunza kusoma, kuota meno mapya na kuheshimiwa na wazee kwa wakati mmoja. Si mchezo. Shaaban Robert hakuyaona hayo, alishafariki mwaka 1962, lakini swali lake lilikuwa linayangoja: mtoto akishakuwa mali ya umma, nani anabaki kumwona kama mtoto?

Sasa mimi wa Bashay haya yananihusu nini? Sisi Wairaqw hatukuwa na wafalme. Tulikuwa na wazee, na kahamusmo wa kusema mbele ya watu. Uchifu wenye kiti na karani ulikuja kuimarishwa na wakoloni. Hata huo haukututisha sana. Kwenye uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na kile kimoja kilichoponyoka kilikuwa chetu: Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyeamua kusimama peke yake, alimshinda mgombea rasmi, Chifu Amri Dodo. Mwaka 1963 machifu wakafutwa nchi nzima. Kwa hiyo nilikisoma kitabu kwenye basi nikiwa na majivuno kidogo. Habari za watoto wa wafalme, nilijiambia, ni za wenzetu.

Usiku ule nilikaa jikoni kwa dada yangu nikamsimulia hadithi yote. Yeye ndiye mkubwa wetu. Aliishia darasa la tano, akaambiwa mifugo haina mtu. Mimi nikaendelea. Kila muhula baba alikuwa anauza ng'ombe, nami nikikutwa nacheza mpira na wenzangu naitwa nyumbani: "Wewe huna muda wa mchezo, wewe soma." Wenzangu walikuwa wananionea wivu. Ugali wangu ulikuwa unawekwa pembeni, na mtu akikohoa usiku wa kuamkia mtihani anaambiwa akalale kwa jirani.

Dada alinisikiliza mpaka kwenye kafara. Akageuza mahindi kwenye makaa, akaniuliza: "Mdogo wangu, huyo mtoto aliwahi kuuliza ni nani wanaochinjwa?"

Nilinyamaza. Kumbe nilikuwa namsimulia mtu aliyekuwa anaijua hadithi kuliko mimi.

Baadaye nilirudi kitabuni kulitafuta swali lile. Sauti nilizozikuta ni za watu wazima: mfalme, watabiri, na hotuba ndefu za Utubusara Ujingahalisi, yule anayekamatwa ili awe kafara. Litazame jina lake vizuri. Ndani yake mna busara na mna ujinga, yaani wale wawili wanaotafutwa wachinjwe wamo ndani ya mtu mmoja. Kwa jina hilo tu mwandishi anatuambia kwamba hakuna raia wa kutupa. Na anampa Utubusara nafasi ya kusimama mbele ya mfalme na kuitetea roho ya mtu kwa hoja. Kwa fani ya hadithi ya zamani, hiyo ni kazi kubwa. Mwisho wake sitausema, katafute kitabu.

Ila hapo ndipo ninapobishana na babu yetu. Hoja zote zinapelekwa kwa baba. Mtoto amelala kitandani, anaugua, anasubiri kuponywa. Hajui kwamba uhai wake umewekewa bei, na kwamba bei hiyo ni shingo za wengine. Mtu wa namna hiyo akija kutawala atatawala vipi? Atakuwa mwema, labda. Mpole, labda. Lakini atadhani alipona bure. Naona kitabu kimemfundisha mfalme, hakikumfundisha mrithi, na mrithi ndiye atakayebaki na kiti.

Najua mtu atajibu kwamba Shaaban aliandika ngano yenye mafunzo, siyo riwaya ya saikolojia, na tusimdai mhusika ambaye fani yake haikumhitaji. Sawa, nakubali nusu. Ngano zetu zimejaa watoto wanaouliza maswali ya kuwatoa jasho wazee. Nafasi ilikuwepo.

Tena lawama si ya Shaaban peke yake. Tazama hadithi tunazoandika sisi vijana. Mtoto wa kigogo yumo, anaendesha gari la baba, anaharibu mabinti, anapata ajali ukurasa wa mwisho. Msomi kutoka kijijini naye yumo, analalamika kwamba ndugu wanamwomba hela kila mwisho wa mwezi. Mimi mwenyewe nimeandika mbili za namna hiyo, na katika zote mbili dada hayumo hata kwa jina. Bado sijasoma, wala sijaandika, hadithi ya mrithi anayeketi siku moja akahesabu nani aliacha nini ili yeye akalie kile kiti.

Kitabu nimemwachia dada. Anasoma taratibu, jioni, akimaliza kukamua. Juzi kwenye simu alisema amefika kwa waganga wa hirizi na kwamba mfalme huyo ana hela za kuchezea. Anayeona nimemwonea Shaaban Robert, kalamu anayo. Aandike, tujibizane.