Chambo au Kivutadume?

Katika maandishi ya kilimo cha maembe neno "chambo" limetwishwa mzigo usio wake. Chambo, kama wavuvi wetu wajuavyo, ni chakula kitiwacho katika ndoana. Jina hilo basi lafaa kabisa kwa mchanganyiko wa protini, utokanao na hamira, uwavutao nzi wa matunda (wengine husema inzi, nasi hatugombani nao), majike kwa madume. Jike huihitaji protini ili mayai yake yapevuke. Lakini methili yujenoli nayo yaitwa chambo, ilhali harufu yake huvuta madume tu.

Tofauti hii si ya wanalugha peke yao. Tangu nzi wa Kiasia, Bactrocera dorsalis, agunduliwe pwani ya Kenya mwaka 2003, mkulima aliyeambiwa "tundika chambo" aweza kuuona mtego umejaa akaridhika, kumbe majike yangali yakitoboa maembe na kutaga chini ya ganda.

Twapendekeza kitu hiki cha pili kiitwe "kivutadume". Neno "kivutio" hatulipendi: limekwisha kuchukuliwa na utalii, tena halisemi ni nani avutwaye.