Mnyapara Akiwa Ndiye Mwalimu

Mwezi wa Agosti 1940, serikali ya Marekani, ikiona vita vya Ulaya vyakaribia na viwanda vyake vimepungukiwa na mafundi, iliunda idara ya Training Within Industry chini ya Channing Dooley. Na uamuzi wake ulio adhimu kuliko yote ulikuwa kuwaelimisha wanyapara kwanza, ili wao ndio wawafundishe wafanyakazi.

Mafunzo yalichukua saa 10 tu, katika vikao vitano. Mkufunzi alimwita mnyapara mmoja, akamweleza kwa maneno matupu namna ya kufunga fundo la waya wa taa, naye akashindwa. Kisha akamfungia mwingine fundo lile lile mbele ya macho yake bila ya kutamka neno, naye pia akashindwa. Na hapo waliohudhuria, ambao yamkini walikuwa wamezoea kuwalaumu wanagenzi wao kwa uzito wa akili, walidhihirikiwa kuwa taksiri ilikuwa ya mwalimu.

Ndipo walipofundishwa hatua nne, ambazo asili yake ni Charles Allen, aliyefundisha waunda meli wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: kumtayarisha mwanagenzi kwa kumwondolea hofu na kumwuliza anachokijua, kumwonyesha kazi sehemu baada ya sehemu, kumwachia aifanye huku akiieleza, na kumfuatilia. Mimi naithamini zaidi hiyo ya nne, kwa kuwa humo mnyapara humtajia mwanagenzi mtu wa kumwendea akikwama, humtazama mara kwa mara, humhimiza aulize, na kadiri mkono wake unavyozidi kuzoea, ndivyo naye anavyopunguza kumsimamia.

Hatua hiyo ndiyo inayosahauliwa leo, mfanyakazi anapopelekwa semina, na arudipo amkute msimamizi asiyejua alichokwenda kusoma, anayemwamuru afanye kama zamani ili kazi isichelewe. Na mtu hutii anayempangia zamu kuliko aliyemfundisha kwa siku mbili. Timothy Baldwin na Kevin Ford, walipozipitia tafiti za jambo hili mwaka 1988, waliutaja msaada wa msimamizi miongoni mwa mambo yanayowezesha mafunzo kuhamia kazini.

Idara ilifungwa mwaka 1945, ikiwa imekwisha kuwapa vyeti wasimamizi zaidi ya milioni moja na nusu. Na baada ya vita mbinu zake zilipelekwa Japani, ambako kampuni ya Toyota ilizipokea ikazifanya msingi wa kuwafundisha watu wake.