Kutoka Euangelion hadi Utongozi: Anwani za Tenzi za Biblia za Julius Nyerere

Sehemu hii inahakiki namna dhana ya Kigiriki euangelion inavyobebwa na anwani za tenzi za Injili za Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyesoma Mwisenge, Musoma, na kubatizwa Nyegina mwaka 1943. Tenzi hizo zilichapishwa mwaka 1996. Anwani zake hufuata muundo mmoja, mathalani Utenzi wa Enjili Kadiri ya Utongozi wa Luka. Kigiriki kinatumika hapa kama kipimo cha maana tu.

Kimofolojia, euangelion huundwa na eu, yaani 'vema', na mzizi uliomo pia katika angelos, 'mjumbe'. Kitenzi chake ni euangelizomai, 'kuleta habari njema'. Mtawanyiko wa maumbo haya una uzito. Marko hutumia nomino. Luka haitumii kabisa katika Injili yake. Hutumia kitenzi mara 10, kuanzia maneno ya Gabrieli kwa Zakaria (1:19). Yohana hana nomino wala kitenzi. Kwa Luka, basi, habari njema ni tendo la kinywa.

Kiswahili kilipokea Injili kupitia Kiarabu. Katika safari hiyo maana za 'wema' na 'ujumbe' zilifichika, neno likabaki jina la kitabu. Umbo Enjili halirudishi uwazi huo. 'Habari njema' huurudisha, lakini huchukua mizani 5 kati ya 8 za mshororo wa utenzi, ilhali Enjili huchukua 3.

Uamuzi wenye tija zaidi umo katika utongozi. Anwani za Kigiriki zina kata, 'kwa mujibu wa'; kadiri ya ingetosha. Nyerere ameongeza nomino itokanayo na kutongoa, yaani kunena, kama komboa inavyozaa ukombozi. Kwa nyongeza hiyo mwinjilisti anakuwa msemaji, na utendaji uliopotea katika Enjili unarejea.

Hata hivyo, msomaji wa leo hulijua zaidi utongozi kwa maana ya ushawishi wa kimapenzi, na utata huo hauepukiki. Aidha, utongozi hurejesha sauti bila kurejesha wema uliomo katika eu. Pamoja na kasoro hizo, uhakiki unaoishia kwenye Enjili utaona mapokeo ya kanisa pekee. Mchango wa mshairi umo katika neno linalofuata.