Mungu Mzee katika Mzingile: Riwaya ya Mwisho ya Kezilahabi Mbele ya Msalaba

Baada ya Mzingile (1991) Euphrase Kezilahabi hakutoa riwaya nyingine, ingawa aliishi hadi Januari 2020. Kitabu hicho husomwa pamoja na Nagona (1990), kwa maana vyote viwili viliiacha njia ya uhalisi iliyompatia mwandishi jina tangu Rosa Mistika (1971). Hapa hatumo tena Ukerewe wala shuleni. Tumo katika njozi nzito, mahali ambapo njia hujirudia na wakati haufuati kalenda. Ni vitabu vyembamba, hakuna kinachofikia kurasa mia, lakini si vya watoto.

Mwinjilisti atakayekifungua Mzingile hapa Majengo, Mpanda, akitafuta hadithi ya kuwasimulia vijana wa kipaimara, huenda akakifunga upesi. Msimulizi anasafiri kumpelekea mzee mmoja habari ya kifo cha mwanawe. Msomaji wa Injili atambua mara moja mzee huyo ni mfano wa nani na mwana huyo ni nani. Hakuna kiti cha enzi wala majeshi ya malaika. Kuna uzee na upweke. Je, hii si kufuru?

Naona haifai kujibu kwa haraka. Kezilahabi alilelewa katika Ukatoliki na kusoma seminari ya Nyegezi. Alijua vema alichokigusa. Wahakiki wengi wameona kivuli cha Nietzsche katika riwaya hizi, nao hawakukosea. Lakini mungu anayechakaa humu ni yupi? Ni yule wa fahari, ambaye wanadamu humjengea ngazi kwa akili zao na kwa matendo yao. Luther, katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518, alikwisha kumkataa mungu huyo alipotenganisha teolojia ya utukufu na teolojia ya msalaba. Kwa hiyo sehemu ya ubomoaji wa Kezilahabi ni kazi ambayo mhubiri wa Kilutheri alipaswa kuwa ameifanya mwenyewe mimbarani.

Tatizo langu liko penginepo, katika ujumbe wenyewe. Baba anayehitaji kuletewa habari ya msiba hakuwapo msibani. Paulo asema kinyume (2 Kor. 5:19): Mungu alikuwa ndani ya Kristo alipoupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Hakuusikia msalaba kwa tarishi. Riwaya yamwondoa Mungu pale Golgotha, halafu yashangaa kumkuta mbali. Hapo ndipo mwandishi, pamoja na ujasiri wake wote, abaki na mungu wa wanafalsafa, aliye juu ya kilima na nje ya jambo.

Kisanaa pia si kila ukurasa wafaulu. Sentensi ni fupi na safi, Kiswahili cha kupendeza kabisa. Ila alama zarundikana hata msomaji achoka kuzifumbua. (Wanafunzi wetu nao hupenda kuzifumbua zote, kama vile kitabu ni mtihani.)

Lakini ile picha ya ulimwengu uliobomolewa, ambamo mtu lazima aanze kuishi upya, haichoshi. Katika eneo hili haisomwi kama ndoto tupu. Katumba na Mishamo zilianzishwa kuwapokea watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na wengi wao wamepata uraia wa Tanzania tangu mwaka 2014. Mzee aliyefika hapa akiwa kijana, bila ndugu, amekwisha kuuliza alipokuwa Mungu, wala hakujifunza swali hilo riwayani. Zaburi ya 88 yaliuliza vilevile, nayo yaishia gizani pasipo jibu. Kanisa halikuiondoa katika Biblia. Kwa sababu hiyo singekitoa Mzingile katika rafu za maktaba ya chuo. Ningekiweka karibu na mahubiri ya Ijumaa Kuu, na kumtaka mwanafunzi aandike jinsi ambavyo angezungumza na yule tarishi anaporudi kutoka kilimani.