Sinema Bubu na Wachezaji Wetu

Msomaji, usiidharau sinema bubu. Katika The Gold Rush ya mwaka 1925, Charlie Chaplin, kwa njaa, achemsha kiatu chake, akala kwa adabu na kunyonya misumari kama mifupa ya kuku. Mzee wa Meru na mzee wa Embu watacheka pamoja pasipo mkalimani, maana njaa haina kabila.

Nasi tulikuwa na wachezaji wetu. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza waliokaa Vugiri, Tanganyika, walitengeneza sinema 35 wakiwachezesha Waafrika. Picha zilikuwa bubu, maneno yakitoka katika santuri. Zikaonyeshwa hata Kenya. Zimesalia tatu tu. Chaplin twamjua, ni nani kati yetu awezaye kumtaja mchezaji mmoja wa Vugiri? Basi, utazamapo sinema, yasome majina ya wachezaji hadi la mwisho.